Mrejesho: kwerii iliyokuwa inajikokota

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kwerii (ombi la data) yenye ORDER BY alama DESC, jina ASC LIMIT 20, yaani alama kuanzia kubwa, jina kuanzia A, rekodi 20 za mwanzo tu, inajikokota kwenye hifadhidata ya PostgreSQL 12 ilhali kolamu zote mbili zina indeksi ya pamoja (orodha iliyopangwa tayari ya kutafutia rekodi haraka).

Mlioniambia nitazame EXPLAIN (amri inayoonyesha hatua za kwerii), asanteni sana. Indeksi niliiunda ASC kote. B-tree, ndiyo aina ya indeksi hiyo, inasomeka mbele au nyuma: mbele inakupa ASC zote mbili, nyuma DESC zote mbili. Mchanganyiko wangu haumo kokote, kwa hiyo PostgreSQL ilisoma jedwali zima, ikapanga upya, halafu ikanipa rekodi 20 tu! Upangaji wa nusunusu (incremental sort), ambao ungetumia mpangilio wa alama uliopo na kupanga jina tu, ulikuja toleo la 13, nami niko 12.

Nimeunda nyingine, alama DESC, jina ASC. Mstari wa Sort (upangaji) umetoweka kwenye EXPLAIN. Inaokota 20 za mwanzo na kusimama. Awali nilikuwa nimehangaika na indeksi ya alama peke yake, nikaigeuza DESC. Kazi bure, maana PostgreSQL inajua kuisoma kinyumenyume.

Na yule ndugu anayetumia MySQL 5.7 (hifadhidata nyingine): huko DESC kwenye indeksi inapokelewa kimyakimya kisha inapuuzwa. Inafanya kazi kuanzia 8.0.