Boti nne au tano? Mtoto kaandika "wawili watajibana", kapewa kosa

Mtu wa Langoni
Assalaam alaykum wana Amu, yaani Lamu yetu, na jirani zetu wa Malindi. Mwanangu yuko gredi ya tano. Juzi kaja na daftari la hesabu limejaa wino mwekundu. Swali lilikuwa la Kiingereza, maana yake hii: abiria 50 wako Mokowe wanataka kuvuka kuja Lamu, boti moja hubeba watu 12, zitahitajika boti ngapi? Mtoto hakugawanya. Kachora boti nne, kila moja na vichwa vidogo kumi na viwili, halafu ile ya mwisho kaiongeza vichwa viwili ukingoni, miguu yaning'inia majini. Chini kaandika: nne, wawili watajibana. Kapewa kosa. Aliyekaa naye kaandika "4 baki 2", kapewa tiki. Hapo ndipo nilipokwama. Watoto wetu wanafundishwa kufikiri, au kugawanya tu?

Mstaafu wa Shela
Waalaykum salaam. Jawabu ni 5, na aliyetoa ile tiki amekosa kuliko mtoto. "Baki 2" ni watu, wamesimama gatini na mizigo yao. Lakini msidhani ni ugonjwa wa Lamu. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtihani wa taifa uliwauliza watoto wa miaka 13: wanajeshi 1,128, basi moja hubeba 36, mabasi mangapi? Karibu watatu kati ya kumi waliandika "31 baki 12". Hesabu wameipiga sawasawa, wanajeshi kumi na wawili wamewaacha njiani.

Malindi Damu
Mtoto kasema kweli, aachwe. Tangu lini boti ya watu 12 ikaondoka Mokowe na watu 12? Huku kwetu waziri Michuki alisema watu 14 kwenye matatu tangu 2004, nenda stendi saa moja jioni uhesabu.

Bi Mkunguni
Mie nasema hivi, huyo mwalimu ni wa bara, hajui boti ni nini. Ndiyo maana haoni kama mtu anaweza kubaki gatini.

Mwalimu wa Gredi
Bi Mkunguni, kwa heshima zako zote, mimi ni wa bara. Si mimi niliyesahihisha daftari hilo, lakini nafundisha Lamu mwaka wa kumi na moja huu. Boti napanda kila muhula, na kuogelea nimejifunza hapahapa, nikifundishwa na wanafunzi wangu. Swali la kugawanya lina uhusiano gani na nilikozaliwa?

Bi Mkunguni
Sijakutaja wewe. Mwenye kuhisi ndiye mwenye lake.

Mwalimu wa Gredi
Umesema "wa bara". Sisi hapa tuko wangapi?

Malindi Damu
Wako 50, boti yabeba 12.

Mtu wa Langoni
Jamani, nimeuliza habari ya tiki. Mwalimu, wewe ungeipa "4 baki 2" tiki?

Mwalimu wa Gredi
Nisiseme uongo, nimeshaipa. Daftari sitini na kitu, usiku, taa ya simu. Na nikiri jingine: nawafundisha maneno ya kunasa. Ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "gawana" gawanya. Tangu KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, iishe 2023 twaambiwa tufundishe umilisi, yaani kuweza kutenda, sawa, lakini mtoto bado atakaa mtihani, na swali la maneno akilikuta kwa Kiingereza hulikimbia. Angalau neno moja limshike mkono.

Mstaafu wa Shela
Limshike limpeleke wapi? Asha ana maembe 12, ni matano zaidi ya ya Omar. Omar ana mangapi? Kaona "zaidi", atakwambia 17. Hilo neno lako ndilo limemtosa. Na kuna jaribio la Ufaransa, Grenoble, miaka kama arubaini na kitu iliyopita. Watoto wadogo 97 wa shule waliulizwa: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? 76 walitoa jawabu kwa kuzichezea namba zile. Wengine waliandika miaka 36! Walishazoeshwa kuwa ukiona namba mbili, zifanye kitu.

Nahodha wa Zamani
Mbona mifano yenu yote ya ujinga iko baharini? Na meli gani inapakia kondoo na mbuzi pamoja? Mie nimeendesha miaka thelathini, na aliyesema boti za Mokowe huzidisha watu anitajie boti na siku. Zina jaketi, na ukizidisha unashushwa.

Malindi Damu
Nahodha, jaketi ni ngapi na abiria ni wangapi? Hilo nalo ni fumbo zuri la gredi ya tano.

Nahodha wa Zamani
Wewe uliyezoea tuktuk nyamaza.

Muuza Boriti
Mie si mwalimu. Boriti za mikoko twahesabu kwa korija, yaani 20. Kijana wangu yuko junia sekondari, hesabu za shule hupata chini. Lakini mteja akisema nataka korija tatu na nusu, nipunguzie sita, sijafunga mdomo yeye kashasema 64. Siku moja nikamwandikia lilelile kwenye karatasi, kwa Kiingereza. Akalikodolea macho, akaniuliza: "Baba, hapa twajumlisha au twazidisha?"

Bi Mkunguni
Basi tatizo ni Kiingereza. Nilijua.

Mwalimu wa Gredi
Asubuhi tatizo lilikuwa bara.

Ustadh wa Madrasa
Kwangu hawaulizi hivyo. Baba kafa, kaacha mke, wana wawili wa kiume, binti mmoja, na minazi 40. Mke thumuni, yaani moja ya nane, mitano. Imebaki 35, kila wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, jumla mafungu matano, fungu ni minazi saba. Wavulana 14, 14, binti 7. Hapo darasa zima limekaa macho, wasichana wanataka kujua kwa nini saba! Aljebra yenyewe ilizaliwa kwa mirathi, muulizeni al-Khwarizmi aliyeiandikia kitabu.

Mstaafu wa Shela
Haikuzaliwa kwa mirathi, Ustadh. Kaanza na milinganyo, Baghdad, karne ya 9. Ila wasia na mirathi zimekula karibu nusu ya kitabu, kwa hiyo sikulaumu.

Malindi Damu
Si kuna yule Mrusi wa hatua nne? Mwalimu wetu wa chuo alikuwa naye mdomoni kama tasbihi.

Mstaafu wa Shela
Mhungari. George Pólya, 1945. Fahamu swali, panga njia, ifuate, kisha geuka uitazame kazi yako. Hiyo ya nne ndiyo iliyokosekana kwenye daftari, kwa mtoto na kwa mwenye kalamu nyekundu. Mwalimu wa Gredi, ukiwapa maswali kumi kwa usiku ni mengi. Wape mawili, na la pili wakwambie kwa mdomo jawabu lao lina maana gani.

Mwalimu wa Gredi
Kwa mdomo, watoto sitini, dakika 35. Igawanye hiyo nione.

Mtu wa Langoni
Nimemuuliza mtoto baada ya isha. Nikamwambia, hao wawili kwa nini umewatia boti ya mwisho, si ya kwanza? Kanijibu, "Ya kwanza askari huihesabu."

Nahodha wa Zamani
Uongo. Huhesabu zote.