Mrejesho: Kuitembelea Dar es Salaam kabla marafiki hawajahama

Mwezi uliopita niliwaomba ushauri wa namna ya kuitembelea Dar es Salaam baada ya marafiki zetu, mtu na mkewe, kutangaza kwamba wanahamia Mwanza, nami nikaona aibu kusikia wametembelea sehemu nyingi za Dar es Salaam ambazo mimi, mzaliwa wa Temeke, sijawahi kuzikanyaga. Nawashukuru sana nyote mliojibu.

Tulifuata ushauri wa kuanzia katikati ya mji kwa miguu, Jumapili asubuhi, wakati magari ni machache. Sanamu ya Askari, ambayo nimeipita kwa daladala miaka nenda miaka rudi, kumbe iliwekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Wissmann, aliyekuwa gavana wa kikoloni, na singe ya bunduki ya askari huyo imeelekezwa bandarini. Makumbusho ya Taifa yalifuata.

Hata hivyo, magofu ya Kunduchi ndiyo yaliyoniteka zaidi, hasa makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Aliyesisitiza tumtafute mwenyeji wa kutuongoza alisema kweli, kwani peke yetu tungezunguka bure.

Kisiwa cha Mbudya kilitushinda, na kosa ni langu: mlionya twende mapema, lakini tulifika pwani saa nane mchana, upepo umeshachafua bahari, na nahodha akakataa katakata kung'oa nanga. Tuliishia kula ngisi ufukweni.

Marafiki waliondoka Alhamisi. Mbudya nitakwenda na wanangu mwezi ujao, saa mbili asubuhi.