Mnofu wangu umechukuliwa kwenye sinia kwa sababu ya kura niliyopiga mwaka 2022

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaandika saa sita za usiku, vidole bado vinanukia bizari, kwa sababu nimetoka arusini sasa hivi na usingizi umekataa kabisa. Jina la aliyenichukulia mnofu silitaji, mnamjua. Ni yule yule ambaye hakuna arusi, hitima wala kikao cha mahari kati ya Likoni na Mtwapa kinachopita bila yeye kushika maikrofoni. Yule ambaye akianza kuwasalimia wageni, mpunga uliopandwa asubuhi hiyo huota, huvunwa, hukobolewa na kupikwa kabla hajafikia kusema aliloitiwa kusema.

Tulikaa watu sita kwenye sinia moja la pilau ya mbuzi. Adabu ya sinia mnaifahamu: kila mtu hula mbele yake, na nyama iliyoangukia upande wako ni riziki yako. Mbele yangu palikuwa na mnofu mmoja wa paja ambao nilikuwa nimeuacha makusudi, niumalizie. Mazungumzo yakaingia uchaguzi wa 2027, kila mmoja akamsifu wake, kisha kijana mmoja akaniuliza kwa heshima mimi nilimpa nani mwaka 2022. Nikajibu ukweli kwamba nilimpa David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano. Sikuongeza neno.

Bwana yule akaacha kutafuna. Akanyoosha mkono, akavuka sinia zima, akapita juu ya kachumbari na juu ya wali wa mzee wa watu aliyeketi katikati yetu, akauchukua mnofu wangu, akautua mbele yake, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika kwa wanawake upande wa pili wa turubai, na nina hakika waliokuwa ndani ya kivuko cha Likoni waliisikia pia: "Asiyejua kuchagua rais hajui kuchagua nyama! Kura yako uliitupa baharini!" Watu wakacheka. Mpishi alicheka. Bwana arusi, ambaye kamati yake ya arusi niliichangia kabla ya ndugu zake wa damu, alicheka mpaka kilemba kikamlalia usoni.

Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini. Walikuja watu nyumbani baada ya magharibi na bahasha ili karatasi zao zipite upesi, naye akizirudisha bahasha hizo mlangoni, mbele yetu, bila kuzifungua. Tulikula mchicha na sima tukijua ni kwa nini hatuli nyama. Hiyo ndiyo shule niliyosoma kuhusu mali ya umma, na haikunitoka nilipokuwa mtu mzima. Mwaka 2022 niliwasikiliza wagombea wote wanne, na aliyelifanya suala la mali ya wananchi iliyofichwa ng'ambo kuwa nguzo ya kampeni yake, akaahidi kuirudisha, alikuwa huyo wakili ambaye pia ni mchungaji. Mimi ni Mwislamu na nililijua hilo nilipoingia kupiga kura. Sikumchagua aniswalishe. Nilimchagua kwa sababu alisema kile ambacho baba yangu alikitenda pale mlangoni bila kusema.

Siku ya tarehe 9 Agosti nilipanga foleni tangu alfajiri. Hapa Mombasa tulipewa karatasi tano badala ya sita, kwa kuwa uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa baada ya karatasi zake kuchapishwa kwa makosa, nami katika zile tano niliishika kwanza ile nyeupe ya urais. Mkono ulitulia. Sijawahi kuweka alama mahali nikiwa na moyo mweupe namna ile, na sasa mtu anauvukisha mkono wake juu ya kachumbari kuniambia kwamba alama hiyo iko baharini.

Na kama ni hesabu, afanye hesabu badala ya kunyang'anya. William Ruto alitangaziwa kura 7,176,141 na marehemu Raila Odinga 6,942,930, tofauti ya kura 233,211. George Wajackoyah alipata 61,969 na Mwaure 31,987. Sisi wote wa wagombea hao wawili wadogo ni watu 93,956, na lau tungehama kwa pamoja hadi kwa Raila, mgombea wa bwana yule, bila kubaki hata mgonjwa kitandani, bado asingeshinda. Basi ni kosa gani nililomfanyia hata anikomoe mbele ya wakwe za watu?

Ibara ya 38 ya Katiba ya 2010 inasema kila raia yuko huru kufanya uchaguzi wake wa kisiasa. Nimeisoma mara tatu tangu nivue kanzu, na sikuona mahali panapomruhusu mtu kuvuka sinia. Aliuchukua mnofu wangu, akaula taratibu huku akinitazama usoni, na mfupa mdogo uliokuwa na gegedu akaurudisha upande wangu. Aliurudisha mfupa!

*

Mpishi wa Majengo: Mleta uzi, nimesoma kwa makini tangu mwanzo nikitafuta hoja ya uchaguzi, na kila nikikaribia kuipata ninakutana na mbuzi. Je, unalalamikia kura au unalalamikia nyama? Halafu mtu mzima aliyekula arusi tangu utotoni anawezaje kuuacha mnofu wa paja mpaka mwisho, akiwa sinia moja na bwana yule?

Bin Forodhani: Mimi namuunga mkono mleta uzi, kwa sababu bwana yule amenitenda vivyo hivyo. Katika hitima ya shangazi yangu alisimama, badala ya kumwombea maiti, akaanza kutuhesabu kwa vidole nani alimpa nani, na alipofika kwangu akasema kwamba nyumba hii imefiwa mara mbili, kwa shangazi na kwa akili zangu. Nilikuwa nimebeba sinia la kahawa. Namshukuru Mungu kwamba nililiweka chini kwanza.

Azimio Mpaka Kaburini: Kaka, mambo mengine ungeyanyamazia. Tarehe 14 Agosti 2022, siku moja kabla ya matokeo kutangazwa pale Bomas, Nairobi, mgombea wako mwenyewe alikubali kushindwa na kumpongeza Ruto. Wewe unalia kuhusu imani yako, na yeye uliyemwamini hakungoja hata hesabu iishe. Mnofu ulikwenda kwa mwenye kustahili.

Mleta uzi: Alichofanya yeye tarehe 14 ni chake, na nilichofanya mimi tarehe 9 ni changu. Kura si pete ya ndoa kwamba mgombea akiondoka inanibidi nikae eda. Wala hakuna popote katika maelezo yako, ndugu yangu, ulipoeleza kwa nini mkono ulipita juu ya wali wa mzee wa watu.

Hasla wa Kongowea: Angalau wewe umenyang'anywa kipande kimoja cha nyama kwa usiku mmoja. Mimi ni mwendesha bodaboda, nilimpa Ruto kwa imani safi, kwa sababu maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mgombea wa urais akitaja mkokoteni, kibanda na pikipiki kana kwamba ni kazi za watu. Nilichora wilbaro, alama ya chama chake, nyuma ya jaketi langu la kazi. Mwaka 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ukapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na tangu siku hiyo kila abiria anayepanda huisoma ile picha mgongoni kwangu kutoka Kongowea mpaka kivukoni. Ile Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilipofunguliwa, mkopo wangu wa kwanza ulikuwa shilingi 500. Niambieni ni nani kati yetu aliyenyang'anywa.

Mpishi wa Majengo: Kwa nini usilifue jaketi?

Hasla wa Kongowea: Nimelifua mara ishirini. Ile rangi ni imara kuliko ahadi.

Mwana wa Tanga: Poleni majirani, lakini haya ya kwenu ni madogo. Sisi Tanzania mwaka 2015 tulipewa mtihani wa imani hasa. Nilikuwa Chadema, chama cha upinzani, wa kuvaa kombati. Mwaka 2007 katibu mkuu wetu, Dk. Slaa, aliposoma pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya waliotuhumiwa ufisadi, jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa CCM wakati huo, likiwamo, niliikata orodha hiyo gazetini nikaibandika ukutani dukani kwangu. Ilipofika Julai 2015 Lowassa akahamia kwetu na kuwa mgombea wetu wa urais, na wenzangu wakaja dukani kuniambia niibandue ile karatasi kabla ya saa sita mchana. Niliibandua kwa kisu, ukuta ukabaki na alama ya mraba. Siku ya kupiga kura sikuweza kumpa Lowassa wala Magufuli, nikampa Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, aliyepata kura 98,763. Nimeitwa msaliti kwa miaka mingi na watu waliomwita Lowassa fisadi mbele yangu, wakinywa chai niliyowalipia.

Azimio Mpaka Kaburini: Na huyo Mghwira wako, mwaka 2017, Magufuli yule yule akamteua kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, naye akakubali. Nyinyi wa kura za imani mna bahati mbaya ya kuwachagua watu wanaowaacha kituoni.

Mwana wa Tanga: Marehemu hasemwi hivyo. Tena nilimchagua alivyokuwa Oktoba 2015, sikumchagua alivyokuja kuwa baadaye. Lowassa naye alirudi CCM mwaka 2019, na waliomlilia wako kimya. Na alama ya mraba bado iko ukutani.

Mama wa Changamwe: Naona wanaume mnalia kuhusu nyama na jaketi. Mimi ni Mkristo. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, mchungaji wetu alituagiza tupige kura ya La, upande wa rangi nyekundu, kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu kinachohusu uavyaji mimba. Niliisoma rasimu yote nyumbani, nikaona majirani zangu Waislamu walikuwa na makadhi wao tangu kabla sijazaliwa, nami sikuwahi kupungukiwa na kitu, nikapiga Ndiyo. Nilikosea kumwambia mwanakwaya mwenzangu. Jumapili iliyofuata nilihamishwa kutoka safu ya mbele ya sauti ya kwanza nikawekwa nyuma ya mpiga ngoma, ambako mimi mwenyewe sikujisikia nikiimba. Kila uchaguzi mkuu tangu hapo, mtu fulani hunikumbusha kwamba mwaka 2010 niliuza imani, ilhali ni imani hiyo hiyo iliyonituma.

Bin Forodhani: Dada, hilo la mpiga ngoma ni zito kuliko mnofu.

Mleta uzi: Nampa pole dada, lakini naomba tusiupoteze uzi. Mkono ulivuka sinia. Mfupa ulirudishwa. Ninauliza kama kuna mtu hapa aliyekuwapo akaona, kwa sababu kesho bwana yule atasema kwamba tulikuwa tunataniana.

Mke wa Baharia: Mimi nilikuwa upande wa wanawake, sauti niliisikia lakini mkono sikuuona. Ila kwa kuwa tumefungua vifua, na mimi niseme. Mama yangu, mwaka 1997, alimpa kura Charity Ngilu, mwanamke aliyesimama kuwania urais kupitia SDP, na marehemu baba akamnyima pesa za sokoni kwa wiki nzima. Nilikuwa mtoto, nilikumbuka, nikaapa kwamba kura yangu haitajulikana na mtu. Sasa mume wangu kila uchaguzi huninunulia doti ya leso siku moja kabla, kisha huniuliza kwa upole tutampa nani. Hiyo "tutampa" ndiyo inayoniumiza. Nikinyamaza hununa, na nikisema kwamba kura ni siri huuliza tangu lini mke na mume wana siri.

Hasla wa Kongowea: Chukua leso, shemeji, na kura uipeleke unakotaka.

Mama wa Changamwe: Usimwambie hivyo. Akiichukua leso na kumpa mwingine, moyo wake utamsuta kila akijifunga. Mwambie airudishe leso mlangoni, kama marehemu baba yake mleta uzi alivyorudisha bahasha.

Mke wa Baharia: Ninazo doti tatu tayari, na ya 2022 imeandikwa jina la kipenzi analoniita. Nimrudishie vipi?

Mpishi wa Majengo: Imeandikwaje? Tuandikie maneno yote kama yalivyo.

Mleta uzi: Ndugu zangu, mnofu.

Mwana wa Tanga: Subiri kwanza, kaka, tumsikie shemeji maneno ya leso.