Waya wa pampu, mita 80: shaba au alumini?

bustani_mkuranga: Wakuu habari za humu. Nina pampu ya HP 1 kisimani, mita 80 toka nyumbani, fundi alivuta waya wa shaba wa 1.5 (unene, milimita za mraba), sasa nikiwasha inaunguruma tu haizunguki, ila nikiileta nyumbani nikachomeka ukutani inazunguka vizuri kabisa. Duka moja wanasema weka alumini ya 4 bei yake nafuu, lingine shaba ya 2.5. Nichukue ipi? Nyanya zinakauka jamani

fundi_temeke: Pole mkuu. Pampu nzima hiyo, shida waya. Ukinzani, yaani waya unavyozuia umeme, unategemea waya umetengenezwa na nini, urefu na unene, na umeme unaenda na kurudi kwa hiyo mita zako hesabu 160. Shaba 1.5 hapo ukinzani wake ni kama omu 1.8. Ikishazunguka inakula ampea 6 hivi, unapoteza volti 11, si mbaya, ila wakati wa kuwaka inataka hata mara tano ya hiyo, yaani volti kama 55 zinaishia njiani, kwenye 230 mota inabakiwa na 175, ndo maana inalia tu. Usiing'ang'anize, itaungua

neema_fizikia: Kwa unene uleule alumini ina ukinzani kama mara 1.6 ya shaba, elektroni zake zinagongwa zaidi njiani. Kwa hiyo alumini ya 4 na shaba ya 2.5 ni karibu sawa, zote omu 1.1. Na usipitishe juu ya bati, kila nyuzi 10 za joto zinaongeza ukinzani karibu asilimia 4

fundi_temeke: Hesabu sawa dada, ila alumini inasumbua kwenye jointi. Ikikaa hewani inajifunika ngozi ya oksaidi isiyopitisha umeme, halafu laini, skrubu inalegea, jointi inapata moto. Kwenye nguzo wanaitumia kwa sababu uzito wake haufiki theluthi ya shaba na wana viungio vyake maalumu. Kisimani penye unyevu hapana. Chukua shaba ya 4, omu 0.7, kuwaka unapoteza volti 20 tu. Na ule wa zamani hebu ukwangue kwa kisu

bustani_mkuranga: Nimekwangua sasa hivi, juu mwekundu ndani mweupe!!

fundi_temeke: Alumini iliyopakwa shaba hiyo. Basi omu zako zilikuwa karibu 3, si 1.8

bustani_mkuranga: Duh. Kesho naenda kununua ya 4, na kisu nabeba