Ujumbe wa chikungunya kwenye makundi ya WhatsApp Lamu: uandikwe vipi ufuatwe?

Mkomani_Afya
Assalaam aleikum. Twataka kutuma ujumbe wa kuzuia chikungunya na dengi kwenye makundi ya mitaa, Langoni hadi Shela. Bango letu lina mambo kumi na mawili. Watu waweka dole gumba, mitungi yabaki wazi. Tena kuna sauti inayozunguka, yasema ugonjwa huambukizwa kwa kushikana mikono. Tuijibu au tunyamaze?

Mtungi_Shela
Wa aleikum salaam. Bango hilo livunjeni: ujumbe mmoja, kazi moja, na kwa Lamu kazi hiyo ni mtungi. Mlipuko wa chikungunya wa 2004 hapa ulikuja wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakaweka akiba majumbani, mbu akapata pa kuzalia. Kwa hivyo "fukieni madimbwi" pekee hakutufai. Aedes, mbu anayeeneza magonjwa haya, mwenye mistari myeupe miguuni, hupenda maji yaliyotulia ndani ya mtungi na pipa, na huuma mchana, wakati neti imekunjwa.

Panapoharibika ni hapa: mtu humwaga maji, akajaza mapya, akaona amemaliza. Mayai yamegandama ukutani mwa mtungi, juu kidogo ya mstari wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Maji yakiyafikia tena, yaanguliwa. Neno la lazima basi ni "sugua". Andikeni hivi:

"Kila Ijumaa asubuhi: chuja maji kwa kitambaa uyatie ndoo nyingine, sugua ukuta wa mtungi kwa brashi na sabuni, suuza, rudisha maji, funika kwa kitambaa ukifunge kamba."

Sababu iwe mstari mmoja: kwa joto letu yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Msiseme "mwaga maji", hasa kiangazi, hakuna atakayefuata. Birika, yaani hodhi la maji la kujengwa, lisilosuguika litiwe samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, kama ilivyo desturi ya nyumba za kale.

Langoni_Simu
Rekodini sauti ya sekunde 40 kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, imfikie na bibi asiyesoma. Picha iwe ya mtungi, mshale ukionyesha mstari wa mayai, maneno machache makubwa. WhatsApp hubana picha, herufi ndogo zikafifia. Tarehe na chanzo viwe ndani ya picha yenyewe, kwa sababu ikisambazwa, siku ya kwanza kutumwa haionekani. Tangu 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa gumzo moja tu kwa mara. Mpeni kila msimamizi nakala yake aitume upya.

Hiyo sauti ijibuni, ila msiirushe tena. Anzeni na ukweli: "Chikungunya huletwa na mbu." Kisha uvumi mara moja tu: "Kushikana mikono hakuuambukizi." Malizieni kwa kazi: "Sugua mtungi."

Mkomani_Afya
Na dawa tuitaje?

Mtungi_Shela
Katika ujumbe wa pili, peke yake: mwenye homa anywe maji mengi na paracetamol kwa kipimo cha kwenye pakiti. Aspirini na ibuprofen aziache mpaka ithibitike si dengi, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Akitapika mfululizo, akiumwa sana tumbo au akitoka damu fizini, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na msihesabu dole gumba. Ingieni nyumba 20 na tochi, kwa ruhusa ya wenyewe, mwandike vyombo vingapi vina viluwiluwi. Baada ya wiki nne rudieni nyumba zile zile.