Naomba ushauri: Venice na mama mwenye goti bovu

Habari zenu wapendwa. Septemba nampeleka mama Italia siku 9: Roma, Florence, tumalizie Venice. Ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua. Ngazi anapanda moja moja, mkono ukutani. Gari sikodi, tutatumia treni.

Kinachoniumiza kichwa ni Venice. Hoteli za karibu na kituo cha Santa Lucia naona bei zake kali. Mestre, upande wa bara, kuna nafuu na treni ni kama dakika 10 tu. Lakini Venice mjini magari hayaingii, na madaraja mengi ni ya ngazi. Mliowahi kwenda na mzee, nijikaze tulale ndani ili apumzike mchana, au Mestre panatosha? Na zile boti za abiria, anapanda bila shida?

Tiketi za treni ya mwendokasi Roma–Florence nikate mapema? Za karatasi za treni za kawaida najua zinagongwa kwenye mashine kabla ya kupanda.

Viza ya Schengen inadai uthibitisho wa malazi, kwa hiyo nataka kuweka oda wiki hii. Ni safari aliyoisubiri miaka mingi, nisaidieni.