Naombeni ushauri: nimepata kazi kijiji cha watu wachache katikati ya Australia, na mke ni mjamzito

fundi_magreda

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu.

Mimi ni fundi wa mitambo mizito, kwetu Muheza. Kwa sasa naishi Toowoomba, Queensland, na mke wangu na binti yetu wa miaka saba. Mke ana mimba ya miezi minne. Tuko kwa viza ya 491, ile ya muda ya kuishi mikoani nje ya miji mikubwa. Mimi niko gereji ya matrekta, mke anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kazi yake anaipenda kwelikweli.

Sasa halmashauri moja ya kusini magharibi kabisa mwa Queensland, upande wa Birdsville, wameniita nikatengeneze magreda na malori ya barabara. Mshahara umezidi wa hapa kwa mbali. Nyumba wanatoa kwa kodi ndogo sana, na gari la kazi lipo. Kijiji chenyewe hakifiki watu 120: duka moja, baa moja, shule ya msingi, zahanati ya manesi na polisi, hayo tu. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,400, yaani Dar hadi Bukoba, na sehemu kubwa ya mwisho ni vumbi. Wanataka nianze Februari.

Nina wazazi wanaonitegemea, na tunataka kununua nyumba. Pia nasikia ukienda mbali zaidi ukaazi wa kudumu unatoka haraka. Kwa walioishi porini huko: maisha yakoje kwa familia? Mtoto atasoma? Mke atajifungulia wapi? Sisi ni Waislamu, nyama halali tutapata? Naombeni msaada, natakiwa kujibu mwisho wa mwezi.

MamaNeema_Brisbane

Mdogo wangu, nianze na hilo la viza maana ndilo linalowapeleka wengi porini bila sababu. Kwa 491, "mkoani" ni Australia nzima ukiondoa Sydney, Melbourne na Brisbane. Toowoomba imo, hata Adelaide na Perth zimo. Unaweza kuomba 191, yaani viza ya ukaazi wa kudumu, baada ya miaka mitatu, ukiwa umeishi na kufanya kazi kwenye maeneo hayo na una hati za kodi za miaka hiyo. Kilomita 1,400 za ziada hazikuongezei hata siku moja. Kama unaenda, nenda kwa ajili ya pesa au kwa kuwa maisha yale unayataka. Viza iondoe kwenye hesabu.

Jingine, soma kipengele cha nyumba kwenye mkataba. Vijiji vile nyumba za kupanga mitaani hazipo. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, na lori la kuhamisha vitu kutoka kule ni pesa nyingi. Waandike utapewa muda gani wa kuhama.

Dereva_wa_Marree

Habari ndugu. Mimi ni Mkenya, naendesha malori Australia Kusini, na njia ya Birdsville hadi Marree naijua. Ni kilomita 517 na katikati karibu hakuna kitu. Kuendesha kushoto umezoea, lakini haya mengine yashike.

Kuna vumbi linalofunika mashimo, laini kama unga wa ngano, huoni shimo mpaka gari limeingia. Beba tairi za akiba mbili, si moja. Kangaruu wanatoka alfajiri na jioni, kwa hivyo panga safari zako za mchana. Ukikutana na lori la matrela matatu, urefu wake unaweza kupita mita 50 na haliwezi kukukwepa. Toka njiani, simama, ungoje vumbi litulie ndipo uendelee.

Gari likikuharibikia, usiliache. Ndege inaliona gari, mtu anayetembea haimwoni. Chukua maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiri, na kifaa cha setilaiti cha kuita msaada, kwa sababu simu ya kawaida inakufa ukishatoka kijijini. Na kila safari kuwe na mtu anayejua unafika saa ngapi.

Mvua sasa. Kule maji yanakuja hata mbingu zikiwa wazi, kwa sababu mvua imenyesha kaskazini na mito Diamantina na Cooper inatelemka polepole. Mwaka 2025, Machi kuingia Aprili, Windorah, Jundah na Quilpie zilifurika vibaya, na mifugo zaidi ya 100,000 iliripotiwa kufa au kupotea. Barabara inaweza kufungwa wiki kadhaa. Kwa fundi wa magreda hiyo ndiyo kazi yenyewe: maji yakishuka, wewe na wenzako ndio mnafungua njia. Watu watakuheshimu sana kule.

NesiWaPori

Salamu dada na kaka. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi zahanati za aina hiyo Queensland na Northern Territory. Nakujibu la uzazi.

Zahanati za namna hiyo hazizalishi kwa mpango. Mama akikaribia wiki ya 36 anahamia mji wenye hospitali na kukaa huko mpaka ajifungue. Serikali ya Queensland ina mpango wa kuchangia nauli na malazi, lakini hautoshi gharama zote, na mume mara nyingi anabaki kazini. Mkeo ni wa kujifungua Machi. Wewe unaanza Februari. Maana yake ni kwamba utamwacha mwezi wa mwisho, au utamhamisha kwenye joto la Februari na kumrudisha baada ya siku chache. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo. Waombe wasogeze tarehe hadi Mei. Fundi wa mitambo anayekubali kuishi kule hapatikani kirahisi, na Mei joto limeshapungua, mtoto ataanza maisha yake kule bila kuhangaika.

Kwa dharura, huduma ni nzuri kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Ndege za madaktari zilianza kuruka kutoka Cloncurry mwaka 1928, miaka mingi kabla ya madaktari wa ndege wa AMREF kuanza kule uwanja wa Wilson, Nairobi. Daktari yuko kwenye simu usiku na mchana. Kwenye ranchi za mbali wana sanduku la dawa, na kila dawa ina namba: daktari anakusikiliza, anakwambia fungua namba fulani, mpe mgonjwa vidonge vingapi. Usiku ndege ikija, wanakijiji wanatangulia na magari uwanjani kufukuza kangaruu kabla haijatua. Mume wa mtu, mwalimu, mwenye baa, wote wako pale na tochi. Nawe utakuwemo.

Jifunze kufunga bendeji ya kuumwa na nyoka wiki ya kwanza mkifika. Mguu wote unafungwa kwa kukaza, mgonjwa hatembeitembei, analala hapohapo. Mfundishe na binti.

fundi_magreda

Dada Nesi, ahsante sana, hilo la Mei sikuwa nimelifikiria. Dereva, nimenakili yote. Mama Neema, umenipunguzia mzigo. Vipi shule, na upande wa dini?

UmmuSalim

Kaka, mimi nimeishi huko kama mke wa mtu, kijiji kidogo kuliko hicho chako, mume wangu akiwa mwalimu. Nitaandika kirefu, unisamehe, maana nimesoma maelezo yako mara mbili na sijaona mkeo anasemaje.

Nyama ndiyo rahisi kuliko vyote. Magharibi ya Queensland mbuzi wamejaa, na Charleville kuna machinjio makubwa ya mbuzi na kondoo. Sisi tulinunua wazima kwa watu wa ranchi, mume anachinja, tunajaza friza kubwa. Nunueni friza kubwa kabla ya kitu kingine chochote. Unga wa sembe, mchele, viungo, nazi za kopo, mnabeba za miezi. Mboga zinakuja na lori, na njia ikifungwa haziji. Mchicha na bamia vinaota vizuri mkiwa na kivuli cha neti. Maji ya kisima pale Birdsville yanatoka ardhini yakikaribia kuchemka, inabidi yapozwe kwanza, na yana harufu ya mayai. Unazoea.

Ijumaa mtasali nyumbani. Lakini Uislamu si mgeni njia ile. Waongozaji ngamia waliotoka Afghanistan na Bara Hindi ndio waliopeleka mizigo jangwani tangu karne ya 19, na pale Marree walijenga msikiti wa udongo, miongoni mwa ya mwanzo kabisa Australia. Mimi nilipata faraja kubwa nilipolijua hilo. Baa ndiyo sebule ya kijiji, kaka, usiogope kuingia. Mnaagiza chakula na soda, mnakaa na watu. Msipofika kabisa, watadhani mnawakataa. Na kabla ya kwenda kutembea popote, waulizeni wenye ardhi. Upande wa Birdsville ni Wawangkangurru Yarluyandi. Kuna sehemu hazikanyagwi hovyo, na wazee wao wakikukubali utajifunza mengi kuhusu maji na mvua ambayo hakuna kitabu kitakufundisha.

Shule: ya msingi ina watoto wachache, wa madarasa yote chumba kimoja, na mwalimu anamjua kila mmoja mpaka anachoogopa. Binti yangu alijifunza kusoma vizuri kule kuliko mjini. Walioko ranchi wanasoma kwa setilaiti, shule za hewani zilizoanza kwa redio Alice Springs mwaka 1951. Sekondari ndiyo kazi, watoto wengi wanapelekwa bweni. Wako ana miaka saba, basi mna kama miaka mitano hivi ya kuwa pamoja kule. Wekeni mwisho huo tangu sasa.

Sasa mkeo. Wewe utaondoka asubuhi, una wenzako, una kazi inayoonekana, watu wanakusalimia kwa kidole kimoja juu ya usukani kila mkipishana. Yeye atabaki ndani na kichanga, kiyoyozi kinanguruma, nje inzi na joto la nyuzi 43, na mtu wa kuongea naye Kiswahili yuko kwenye simu tu. Kazi ya wazee anayoipenda kijiji hakina. Mimi nilikuwa nafua nguo zilizo safi ili siku iishe. Kilichoninyanyua ni kazi ya masaa machache pale posta, na kikundi cha kuandaa chakula cha siku ya mbio za farasi. Kuanzia hapo nilikuwa mtu na jina langu, nikaacha kuwa mke wa mwalimu. Tukaishi vizuri, na nilipoondoka nililia.

Kwa hiyo kabla hujauliza mshahara wa saa za ziada, uliza kama kuna kazi ya mkeo, hata ya siku mbili kwa wiki, na iandikwe. Halmashauri ndiyo mwajiri wa karibu kila mtu kule, wakitaka wanaweza.

Bujumbura_Mildura

Namuunga mkono dada Ummu Salim. Sisi Warundi tuliona mfano pale Mingoola, mpakani mwa New South Wales na Queensland. Shule yao ilikuwa inaishiwa wanafunzi, na mwaka 2016 familia za wakimbizi wa Maziwa Makuu zilihamia, watoto wakaijaza. Lakini waliondoka mjini familia kadhaa pamoja, watu waliozoea kilimo, wakafika mahali panapowasubiri. Hapa Mildura nako tuko wengi, tunalima mahindi meupe yetu. Ndugu yangu, wewe unaenda peke yako na familia moja. Si mbaya, lakini usijilinganishe na waliokwenda kundi. Tafuta kama kuna Mwafrika au Mhindi yeyote vijiji vya upande huo, Bedourie, Boulia, Windorah. Ukipata familia moja kilomita 200, kule hiyo ni jirani.

Dereva_wa_Marree

Kweli kabisa. Kuna ndege ndogo ya abiria pia, inapitia Charleville, Quilpie, Windorah, Birdsville, Bedourie na Boulia hadi Mount Isa. Mkitaka kwenda kuangalia, tumieni hiyo. Na msiende Julai! Julai kuna baridi tamu, watalii na karavani kila mahali, utadhani ni mahali pengine.

fundi_magreda

Wakuu, nimempa mke simu, amesoma uzi wote kimya. Aliporudisha alisema neno moja: "Huyu Ummu Salim mwambie ahsante." Kisha tukaongea mpaka usiku wa manane. Kumbe alikuwa ameshakubali moyoni kwa sababu ya wazazi wangu, na hakutaka kunivunja.

Leo nimepiga simu halmashauri. Mei wamekubali. Kuhusu kazi yake wamesema huenda kuna nafasi kwenye ofisi ya kupokea wageni, lakini hawawezi kuandika mpaka bajeti ipite. Nimewaambia nitajibu baada ya kwenda kuona kwa macho, sote watatu, mwisho wa Novemba.

NesiWaPori

Novemba mwisho ni sawa, atakuwa kama wiki ya 22 au 23, ndege inaruhusiwa. Achukue barua ya mkunga hata kama hawataiomba. Joto litakuwa limeanza, kwa hiyo mchana apumzike ndani. Na mkifika, mwache mkeo aende zahanati peke yake, akae na manesi apewe chai. Wewe nenda kaangalie magreda.

UmmuSalim

Shemeji, mwambie mwenzio aniandikie mwenyewe, nimemtumia ujumbe. Nitampa namba ya mama mmoja aliyekuwa mpishi kule, bado yupo, na atawapokea uwanjani. Hiyo "huenda kuna nafasi" msiichukue kama jibu. Aende yeye mwenyewe ofisini akajieleze kuwa amefanya kazi na wazee, anajua kuendesha, anazungumza lugha mbili. Wakimwona ndipo watamtafutia. Na kama hawataki kuandika, baki Toowoomba bila kinyongo, kazi za magreda ziko nyingi.